Biashara ya kimataifa na tofauti ya mapato kati ya nchi

Biashara ya kimataifa na tofauti ya mapato kati ya nchi ni mada ya elimu ya uchumi inayochunguza jinsi uuzaji na ununuzi wa bidhaa na huduma kuvuka mipaka unavyopunguza au kuongeza pengo la kipato kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Swali lake la msingi ni rahisi kuuliza na gumu kujibu: nchi mbili zinapofanya biashara, je, zote mbili hunufaika? Na kama zote hunufaika, kwa nini moja hubaki nyuma kizazi baada ya kizazi?

Wataalamu wametoa majibu tofauti. Wapo wanaosema kwamba biashara huru ndiyo njia ya haraka zaidi ya nchi maskini kupata mitaji, ujuzi na masoko. Wengine wanasema kwamba nchi inayouza mali ghafi na kununua bidhaa za viwandani hupoteza kidogo kidogo hata kama kila mauzo yanaonekana kuwa ya haki. Historia ina mifano ya kuunga mkono pande zote mbili. Kwa hiyo wachumi wengi wa leo hutazama zaidi nchi inauza nini, kwa bei gani na chini ya kanuni zipi, kuliko kuuliza tu kama inafanya biashara au la.

Tofauti ya mapato na vipimo vyake

Tofauti ya mapato ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ile iliyo ndani ya nchi moja, kwa mfano kati ya mwenye kiwanda na kibarua wake. Ya pili ni ile iliyo kati ya nchi na nchi. Makala hii inahusu hasa aina ya pili.

Kipimo cha kawaida ni pato la taifa kwa kila mtu, yaani thamani ya yote yaliyozalishwa kwa mwaka ikigawanywa kwa idadi ya wakazi. Kwa kuwa bei hazifanani duniani, wachumi hurekebisha hesabu hiyo kwa kuzingatia uwezo wa fedha kununua vitu. Kunyolewa nywele Morogoro kunagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kunyolewa Oslo, ingawa kazi ni ileile. Bila marekebisho hayo, nchi maskini huonekana maskini kuliko zilivyo.

Mchumi Branko Milanović alionyesha kwamba tofauti ya mapato duniani inaweza kupimwa kwa njia tatu:

1. Kila nchi inahesabiwa kama mtu mmoja, hivyo Burundi na China zina uzito sawa.
2. Kila nchi inapewa uzito kulingana na idadi ya watu wake.
3. Watu wote duniani wanahesabiwa kana kwamba ni raia wa nchi moja.

Majibu ya njia hizo hayafanani. Katika miaka ya 1980 na 1990, tofauti ilikua kwa kipimo cha kwanza, kwa sababu nchi nyingi za Afrika na Amerika ya Kilatini zilidumaa. Katika kipindi hichohicho ilipungua kwa kipimo cha pili, kwa sababu China, yenye watu zaidi ya bilioni moja, ilikua haraka. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana juu ya tofauti ya mapato, kila mmoja akiwa na takwimu sahihi mkononi.

Kwa muda mrefu zaidi, hesabu za mwanahistoria wa uchumi Angus Maddison hutumika sana. Alikadiria kwamba mwaka 1820 eneo tajiri zaidi duniani lilikuwa na pato kwa kila mtu mara 3 hivi ya lile la eneo maskini zaidi. Mwaka 1998 uwiano huo ulikuwa umefika mara 19. Pengo kubwa la leo kati ya nchi, basi, si jambo la tangu zama za kale. Sehemu kubwa yake ilitokea ndani ya karne mbili, na karne hizo ndizo ambazo biashara ya dunia ilikua kuliko wakati wowote uliotangulia.

Nadharia ya faida linganishi

Hoja kuu ya wanaotetea biashara huru ilitolewa na Mwingereza David Ricardo mwaka 1817. Alichukua mfano wa nchi mbili, Uingereza na Ureno, na bidhaa mbili, nguo na mvinyo. Katika mfano wake, kiasi fulani cha nguo kilihitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka nchini Uingereza na watu 90 nchini Ureno. Kiasi fulani cha mvinyo kilihitaji watu 120 Uingereza na watu 80 Ureno.

Ureno inaishinda Uingereza katika bidhaa zote mbili. Hata hivyo Ricardo alionyesha kwamba zote zinafaidika zikibadilishana. Uingereza ikitengeneza nguo kwa watu 100 na kuzibadilisha kwa mvinyo, inapata mvinyo ambao ungeigharimu watu 120, hivyo inaokoa kazi ya watu 20. Ureno ikitoa mvinyo wa watu 80 na kupata nguo ambazo zingeigharimu watu 90, inaokoa kazi ya watu 10. Kila nchi, kwa hiyo, inashauriwa kushika ile kazi ambayo inaiweza vizuri zaidi ikilinganishwa na kazi zake nyingine. Hiyo ndiyo inayoitwa faida linganishi.

Katika karne ya 20, Waswidi Eli Heckscher na Bertil Ohlin waliongeza kwamba nchi huuza bidhaa zinazotumia kwa wingi kile ilichojaliwa nacho, iwe ardhi, nguvu kazi au mtaji. Mmarekani Paul Samuelson alionyesha kihesabu mwaka 1948 kwamba, masharti fulani yakitimia, biashara peke yake ingeweza kusogeza mishahara ya nchi mbalimbali hadi ikaribiane. Kwa nadharia hiyo, biashara ni dawa ya tofauti ya mapato.

Nadharia hizo zina mambo ambayo hazikuyajibu. Kwanza, katika mfano wa Ricardo wote wanafaidika, lakini hawafaidiki sawa. Mgawanyo wa faida unategemea bei ya kubadilishana, na bei hiyo mfano hauielezi. Pili, mfano unapima siku moja. Hausemi kitu kuhusu nchi itakayokuwa imejifunza nini baada ya miaka 50 ya kutengeneza nguo, na ile itakayokuwa imejifunza nini baada ya miaka 50 ya kukamua zabibu. Inafaa kukumbuka kwamba Uingereza na Ureno zilikuwa na mkataba halisi wa nguo na mvinyo tangu mwaka 1703, na wako wanahistoria wanaoutaja kuwa miongoni mwa sababu zilizodhoofisha viwanda vya nguo vya Ureno.

Uwiano wa bei za biashara

Hoja kuu ya upande wa pili ilitolewa karibu wakati mmoja, miaka ya 1949 na 1950, na watu wawili waliofanya kazi katika Umoja wa Mataifa: Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer, mzaliwa wa Ujerumani. Walichunguza uwiano kati ya bei ya bidhaa ambazo nchi inauza nje na bei ya zile inazonunua kutoka nje.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nchi inauza mkonge na kununua matrekta. Mwaka wa kwanza inahitaji kuuza tani 10 za mkonge ili kupata trekta moja. Baada ya miaka 20 bei ya mkonge imepanda kwa asilimia 20, lakini bei ya trekta imepanda kwa asilimia 80. Sasa zinahitajika tani 15. Mkulima anaona bei ya zao lake imepanda, na katika fedha taslimu ni kweli, lakini nchi yake inalazimika kuzalisha nusu zaidi ili ipate kitu kilekile. Nchi ya namna hiyo inaweza kufanya kazi zaidi kila mwaka bila kuendelea. Mwalimu Julius Nyerere alipenda kueleza tatizo hilo kwa kutaja trekta na mazao yanayohitajika kulinunua, naye aliongoza Tume ya Kusini iliyotoa ripoti yake mwaka 1990 kuhusu matatizo ya nchi zinazoendelea.

Prebisch na Singer walitoa sababu kadhaa za kwamba bei za mali ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na za viwandani:

- Mtu akiongezewa kipato hazidishi sana chakula. Aliyekunywa vikombe viwili vya kahawa kwa siku hatakunywa ishirini akitajirika, bali atanunua redio, gari na simu.
- Viwanda hubuni vitu vya kuchukua nafasi ya mali ghafi, kama vile nyuzi za plastiki badala ya katani na mpira wa kutengenezwa badala ya utomvu wa mpira.
- Wazalishaji wa mali ghafi ni wengi na hushindana. Wakiongeza tija, bei hushuka na faida humwendea mnunuzi. Katika nchi za viwanda, vyama vya wafanyakazi na makampuni makubwa huzuia bei isishuke, hivyo faida ya tija hubaki nyumbani kama mshahara na gawio.

Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba mwelekeo huo si wa kila zao wala wa kila wakati. Mafuta ya petroli, kwa mfano, yalipanda bei sana mwaka 1973, na mwanzoni mwa karne ya 21 madini mengi yalipanda kwa sababu ya mahitaji ya China. Jambo ambalo halina ubishi mkubwa ni kuyumba kwa bei. Bei za mali ghafi hupanda na kushuka kwa nguvu kuliko za bidhaa za viwandani, na serikali inayotegemea zao moja hushindwa kupanga bajeti ya shule na hospitali kwa miaka mitano mbele.

Wataalamu wengine walikwenda mbali zaidi. Arghiri Emmanuel na Samir Amin waliandika juu ya ubadilishanaji usio sawa, wakisema kwamba saa moja ya kazi ya nchi maskini hubadilishwa na sehemu ndogo tu ya saa ya kazi ya nchi tajiri. Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1972 kitabu kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kupitia biashara ya watumwa na ukoloni.

Mfano wa kihistoria: Zanzibar na merikani

Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, aliingia mkataba wa biashara na Marekani. Meli kutoka mji wa Salem, Massachusetts, zilileta vitambaa vya pamba ambavyo watu wa pwani waliviita merikani, jina linalojulikana hadi leo. Ziliondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Pembe nyingi zilikwenda jimbo la Connecticut, ambako zilichongwa kuwa vitufe vya piano.

Mwanahistoria Abdul Sheriff ameonyesha kwamba katika sehemu kubwa ya karne ya 19 bei ya pembe ilipanda, huku bei ya vitambaa vya viwandani ikishuka au kubaki palepale. Kwa kipimo cha Prebisch na Singer, uwiano wa bei ulikuwa upande wa Afrika Mashariki. Hata hivyo eneo hilo halikuwa tajiri. Faida ilibaki kwa wafanyabiashara na wakopeshaji wa pwani, tembo walimalizwa na misafara ikalazimika kwenda bara zaidi kila mwaka, na mzigo ulibebwa na wapagazi na watumwa. Hakuna kiwanda kilichojengwa kwa fedha za pembe. Mfano huu unaonyesha kwamba bei nzuri pekee haitoshi. Inategemea ni nani anayeipata na anaifanyia nini.

Mazao na madini

Mkonge. Mmea huu uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Richard Hindorf, kutoka Florida. Miche michache iliyosalimika safarini ilizaa mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Katikati ya miaka ya 1960 uzalishaji ulizidi tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaenea na bei ikaanguka. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na usimamizi dhaifu uliongeza tatizo. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa awali.

Karafuu. Zanzibar iliuza sehemu kubwa ya karafuu zake Indonesia, ambako huchanganywa katika sigara. Indonesia ilipopanda mikarafuu ya kuitosha, katika miaka ya 1980, soko hilo lilitoweka na bei ikashuka vibaya. Zanzibar haikufanya kosa lolote la kilimo. Ilikuwa tu inategemea zao moja na mnunuzi mkuu mmoja.

Kahawa. Kuanzia mwaka 1962 mkataba wa kimataifa uliwapa wazalishaji mgawo wa mauzo ili bei isianguke. Mfumo wa migawo ulivunjika Julai 1989, na bei ilishuka kwa kiasi cha nusu katika muda mfupi. Vietnam ilipoongeza kilimo chake katika miaka ya 1990, bei ilianguka tena, na kufikia mwaka 2001 wakulima wengi, kuanzia Kilimanjaro hadi Burundi, walikuwa wakipata bei isiyorudisha gharama. Wakati huohuo Ujerumani, nchi isiyo na mbuni hata mmoja shambani, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani, kwa kuwa hununua buni, huichakata na kuiuza tena.

Korosho. Mikoa ya Mtwara na Lindi huzalisha korosho nyingi, lakini sehemu kubwa husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua katika miaka ya 1970 na 1980, lakini vingi vilifungwa. Mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei iliyokataliwa na wakulima, serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzisafirisha. Tukio hilo lilionyesha ugumu wa kupanga bei kwa nchi isiyo na uwezo wa kubangua: korosho ghafi huhitaji mnunuzi mwenye kiwanda, na viwanda viko ng'ambo.

Kakao. Côte d'Ivoire na Ghana huzalisha zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Mwaka 2019 zilikubaliana kudai nyongeza ya dola 400 kwa kila tani ili kuinua kipato cha wakulima. Mwaka 2024 mavuno yaliharibika na bei ya dunia ikapita dola 10,000 kwa tani, lakini wakulima wengi hawakuipata, kwa sababu serikali zao zilikuwa zimekwisha kuuza mazao mapema kwa bei ya chini.

Kobalti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote duniani, hasa kutoka Kolwezi na maeneo ya jirani. Madini hayo hutumika katika betri za simu na magari ya umeme. Usafishaji wake hufanyika zaidi China, na betri hutengenezwa huko na katika nchi nyingine za Asia. Kongo bado iko miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani.

Kanuni za biashara

Bei si kitu cha soko peke yake. Kanuni nazo huamua. Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara (GATT) wa mwaka 1947 ulifuatwa na Shirika la Biashara Duniani (WTO) tarehe 1 Januari 1995. Tangu Machi 2021 linaongozwa na Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza katika cheo hicho. Malalamiko ya nchi maskini yamekuwa hasa juu ya mambo matatu.

La kwanza ni ushuru unaopanda kadiri bidhaa inavyosindikwa. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hautozi ushuru kahawa ya kijani, lakini ushuru wake wa kawaida kwa kahawa iliyokaangwa ni asilimia 7.5. Nchi zilizomo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, kama Tanzania na Uganda, zimesamehewa tangu mwaka 2001. Kenya haimo katika orodha hiyo, na mwishoni mwa mwaka 2014 maua yake yalitozwa ushuru Ulaya kwa miezi kadhaa kwa kuwa mkataba mpya ulikuwa haujakamilika.

La pili ni ruzuku. Serikali ya Marekani imewalipa wakulima wake wa pamba fedha nyingi, jambo linaloongeza mavuno na kushusha bei ya dunia. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililalamika kwa pamoja katika WTO. Brazil ilifungua shauri kuhusu pamba hiyohiyo na ikashinda katika rufaa mwaka 2005. Brazil, yenye uchumi mkubwa, iliweza kutishia kulipiza kisasi. Nchi nne za Afrika hazikuwa na kitu cha kutishia.

La tatu ni uzito wa mnunuzi mkubwa. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuondoa uingizaji wa mitumba ili kufufua viwanda vya nguo. Marekani ilidokeza kwamba nchi husika zingepoteza nafuu ya ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Upande mwingine wa suala hilo ni kwamba mitumba huvisha mamilioni ya watu kwa bei wanayoimudu na huwapa wengi riziki sokoni.

Nchi zilizopunguza pengo

Korea Kusini ilikuwa nchi maskini mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikiuza nje vitu kama mbao za tabaka, nguo na mawigi. Serikali ilivilinda viwanda vichanga kwa ushuru na mikopo nafuu, lakini ikavidai viuze nje. Kilichoshindwa kilinyimwa msaada. Kiwanda cha chuma cha Pohang kilianza uzalishaji mwaka 1973, na baadaye zikafuata meli, magari na vifaa vya elektroniki. Mageuzi ya ardhi, elimu kwa wote na misaada ya Marekani vilikuwa vimeandaa njia.

China ilianza mageuzi mwaka 1978 na kujiunga na WTO Desemba 2001. Benki ya Dunia inakadiria kwamba karibu watu milioni 800 wametoka katika umaskini uliokithiri nchini humo katika miaka 40. Ndani ya China, hata hivyo, pengo kati ya matajiri na maskini liliongezeka.

Mauritius ilitumia bei ya uhakika ya sukari iliyouza Ulaya kujenga viwanda vya nguo, kisha utalii na huduma za fedha. Botswana, iliyokuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa ilipopata uhuru mwaka 1966, ilitumia almasi kujenga shule, barabara na akiba, na mwaka 2013 mauzo ya almasi ya De Beers yalihamishwa kutoka London kwenda Gaborone. Almasi za maabara, ambazo zimeshusha bei miaka ya karibuni, zinaikumbusha Botswana yaliyoupata mkonge.

Nchi hizi nne zote zilifanya biashara kubwa na dunia. Hakuna iliyoendelea kwa kujifungia. Lakini pia hakuna iliyoridhika kubaki na bidhaa iliyoanza nayo. Marekani na Ujerumani zenyewe zilivilinda viwanda vyao kwa ushuru katika karne ya 19, kabla ya kuwashauri wengine kufungua milango.

Sababu zisizo za biashara

Biashara haielezi tofauti yote ya mapato. Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2024, wanasisitiza taasisi: sheria, umiliki wa mali na uwajibikaji wa watawala. Jiografia nayo ina uzito. Uganda, Rwanda na Burundi hazina bahari, na mizigo yao husafiri mamia ya kilomita kutoka Mombasa au Dar es Salaam kabla ya kufika. Vita, maradhi, elimu na madeni huathiri pia.

Lipo vilevile suala la fedha zinazotoroshwa. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki lilikadiria mwaka 2015 kwamba Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa njia haramu, na sehemu kubwa hupitia biashara yenyewe, kwa kuandika bei ya uongo katika hati za mizigo.

Hatua za kurekebisha

Mwaka 1964 nchi zinazoendelea zilifanikiwa kuanzishwa kwa chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo (UNCTAD), Prebisch akiwa katibu mkuu wa kwanza. Mkutano wake wa Nairobi wa mwaka 1976 ulipitisha mpango wa kudhibiti bei za mali ghafi kwa akiba na mikataba, lakini sehemu kubwa ya mpango huo haikutekelezwa. Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975 kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki ulikuwa na mfuko wa kufidia bei zinapoanguka. Mfuko huo ulifutwa kwa Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000.

Siku hizi mkazo umehamia kwenye usindikaji na biashara baina ya majirani. Nchi za Afrika huuziana takriban asilimia 15 tu ya mauzo yao, lakini katika hicho wanachouziana bidhaa za viwandani zina sehemu kubwa kuliko katika kile kinachokwenda nje ya bara. Hiyo ndiyo hoja kuu ya Eneo Huria la Biashara la Afrika, ambalo mkataba wake ulitiwa sahihi Kigali tarehe 21 Machi 2018, ukaanza kutumika Mei 2019, na biashara chini yake ikafunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2021. Makao makuu yake yako Accra.

Mafanikio ya hatua hizo yatategemea mambo ya kawaida: umeme usiokatika, bandari zinazopakua kwa wakati, mikopo ambayo mbanguaji wa korosho anaweza kuilipa, na mafundi waliofundishwa vizuri. Bila hayo, kupunguza ushuru kunamfungulia mlango mtu asiye na cha kuuza.

Tazama pia

- Biashara ya kimataifa
- Pato la taifa
- Shirika la Biashara Duniani
- Jumuiya ya Afrika Mashariki
- Mkonge
- Walter Rodney